Mchezo wa kuchafuka kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 3: namna ya kuuandaa nyumbani

Mchezo wa kuchafuka ni ule ambao mtoto huchezea kwa mikono vitu kama unga, rojo na rangi. Maswali ya wanaoanza ni yale yale. Akila itakuwaje? Rangi itatoka kwenye nguo? Mbona unga umekuwa gundi? Na mbona baada ya maandalizi yote hayo mtoto amegusa kwa ncha ya kidole kimoja, kisha akaangua kilio? Majibu yamo humu, kwa mpangilio wa kazi yenyewe. Vipimo ni vya kikombe cha mililita 250, kijiko cha chakula cha mililita 15 na kijiko cha chai cha mililita 5.

Anza na mdomo wa mtoto

Kabla ya kuchagua mchanganyiko, mchunguze mwanao kwa siku moja tu. Je, bado anatia kila kitu mdomoni, au huonja mara moja, akakunja uso na kuacha? Umri hausemi kila kitu. Yupo wa miezi 18 asiyelamba chochote, na yupo wa miaka miwili na nusu anayekula hata udongo.

Anayetia kila kitu mdomoni apewe vitu vya chakula pekee, vilivyopikwa tayari na visivyo na chumvi. Kwake inafaa rangi ya wanga uliopikwa au mchanga wa nafaka. Anayeonja na kuacha anaweza kupewa pia rojo la wanga na unga wa kufinyanga wenye chumvi. Ukiwa na shaka, mhesabu kuwa ni mlaji.

Unga wa ngano mbichi una hatari ambayo wengi hawaijui, kwani unaweza kubeba bakteria wa E. coli na Salmonella kama nyama mbichi inavyoweza. Usitegemee kuukaanga mkavu au kuuweka kwenye oveni, maana bakteria walio kwenye kitu kikavu huvumilia joto kuliko walio kwenye maji. Unga wa ngano utumike ukiwa umepikwa na maji hadi ushikane.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kumwita mtoto

- Beseni pana lenye kina cha sentimita 10 hivi, au sinia lenye kingo. Sahani bapa haifai. Kila kitu kitaishia sakafuni ndani ya dakika mbili.
- Turubai au pazia kuukuu la bafuni la kutandika chini, lizidi beseni kwa angalau nusu mita kila upande.
- Taulo mbili. Moja iwe imeloweshwa na kukamuliwa, nyingine kavu.
- Ndoo ndogo ya maji ya uvuguvugu, ikae juu, mahali mtoto hafiki.
- Nguo ambayo hutaihurumia. Nepi peke yake ni bora zaidi kama hali ya hewa inaruhusu.
- Vifaa viwili tu vya kuchezea, kwa mfano kijiko kikubwa na kikombe cha plastiki.
- Kiini cha karatasi ya chooni, ile bomba ya boksi inayobaki karatasi zikiisha.

Kiini hicho ndicho kipimo chako. Kitu chochote kinachopita ndani yake kinaweza kumsakama mtoto aliye chini ya miaka mitatu, kwa hiyo kisiingie kwenye beseni. Kipimo hiki hutoa nje vifungo, shanga, kokoto, maharage, gololi na vipande vya barafu. Ukitaka barafu, gandisha donge kubwa kwenye bakuli, na uliondoe likishayeyuka hadi kukaribia ukubwa wa yai.

Mapishi

Chagua moja. Usipike mawili kwa siku ya kwanza, na siku hiyo usitie rangi. Mtoto ana mengi ya kuzoea kwenye mguso peke yake, na wewe una mengi ya kujifunza kuhusu sakafu yako.

*Mchanga wa nafaka, kwa mtoto anayekula kila kitu*

1. Chukua vikombe 3 vya nafaka kavu za kifungua kinywa, zile za pakiti zilizopikwa tayari kama cornflakes, zisizo na karanga wala vipande vya matunda makavu. Soma orodha ya viambato kwenye pakiti.
2. Saga kwa mashine, au tia kwenye mfuko mzito na usage kwa mti wa kusukumia chapati, hadi ziwe kama mchanga. Zisiwe vumbi, kwa sababu vumbi likirushwa huingia puani na kumpalia.
3. Ukitaka mchanga unaoshikana, ongeza kijiko 1 cha chakula cha mafuta ya kupikia kwa kila kikombe cha unga uliopatikana. Fikicha kwa vidole. Ukifumbata konzi ikabaki na umbo lake, umefika. Isipobaki, ongeza mafuta kijiko cha chai kimoja kimoja.

Hauhitaji moto, na hapa ndipo ningependa kila anayeanza aanzie.

*Rangi ya vidole ya wanga uliopikwa*

1. Koroga nusu kikombe cha wanga wa mahindi kwenye vikombe 2 vya maji baridi hadi madonge yaishe. Ni ule wanga mweupe laini wa kukolezea mchuzi. Unga wa mahindi wa kawaida hautakubali.
2. Weka sufuria kwenye moto wa wastani, ukoroge bila kuacha na mwiko uguse chini. Kwa dakika kadhaa utadhani hakuna kinachoendelea, kisha mchanganyiko utakaza ghafla. Ukigeuka kufuata simu wakati huo, utarudi ukute donge.
3. Ipua pale weupe unapopungua na rojo linapoanza kung'aa na kupenya mwanga. Likibaki jeupe kama maziwa, bado ni bichi.
4. Gawa kwenye bakuli nne, tia matone 3 hadi 5 ya rangi ya chakula kila moja, acha ipoe kabisa. Jaribu kwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono wako. Katikati hubaki moto muda mrefu baada ya juu kupoa.
5. Ikipoa itakuwa nzito zaidi. Ilegeze kwa maji, kijiko kimoja kimoja.

Maji ya bitiruti iliyochemshwa hutoa waridi iliyokolea. Manjano hutoa njano kali, ila hung'ang'ania nguo, kucha na hata plastiki ya beseni. Nusu kijiko cha chai kwa kikombe inatosha, na nguo isiyoondoka doa ianikwe juani, kwa sababu mwanga wa jua hufifiza manjano.

*Rojo la wanga*

Hili ndilo linalowashangaza watoto na wakubwa. Ukilipiga huwa gumu, ukiliachia hutiririka kati ya vidole. Ukisukuma haraka, chembe za wanga hugandamana kabla maji hayajapata nafasi ya kupita kati yake. Ukienda polepole, maji hupita na chembe huteleza.

1. Mimina vikombe 2 vya wanga wa mahindi kwenye beseni. Fanya wewe, mtoto akiwa mbali, hadi vumbi litulie.
2. Pima kikombe 1 cha maji ya kawaida, lakini mimina robo tatu tu kwanza.
3. Changanya kwa mkono, siyo kwa kijiko. Kijiko kitakwama, kisha utaongeza maji bila sababu. Inua kutoka chini polepole kama unayekunja nguo.
4. Ongeza maji yaliyobaki kijiko kimoja kimoja. Simama pale ukichota konzi na kuibana inakuwa donge kavu lenye nyufa, na ukifungua kiganja inalegea na kuvuja. Tazama kwa karibu: sehemu iliyobanwa hupoteza mng'ao, na ukiiachia mng'ao hurudi. Hiyo ndiyo ishara.
5. Likikaa dakika 10 wanga hutuama chini na maji hupanda juu. Halijaharibika. Likwangue kutoka chini na ulichanganye tena.

Vikombe viwili vya wanga vinamtosha mtoto mmoja. Wengi hutengeneza mara tatu ya hapo, na ndiyo sababu wanasema hawatarudia tena.

*Unga wa kufinyanga uliopikwa*

1. Kwenye sufuria changanya kikombe 1 cha unga wa ngano, robo kikombe ya chumvi, kijiko 1 na nusu cha chakula cha maji ya limau, kijiko 1 cha chakula cha mafuta na kikombe 1 cha maji. Rangi, kama unaitaka, itie sasa.
2. Pika kwa moto mdogo ukikoroga. Utakuwa uji, kisha madonge mabaya ya kukatisha tamaa. Endelea.
3. Unapojikusanya wote kuwa donge moja na kuacha pande za sufuria, bana kipande kidogo. Kikinata vidoleni, rudisha kwa dakika moja nyingine.
4. Mimina juu ya ubao, subiri upoe hadi uweze kuushika, kisha kanda dakika 3 hadi uwe laini kama ndewe ya sikio.

Chumvi na limau huuhifadhi. Kwenye chombo kinachofungwa vizuri hukaa wiki mbili au zaidi, lakini uchunguze kila mara kabla ya kuutoa. Ukiwa na dalili ya ukungu au harufu ya uchachu, utupe wote.

Onyo kuhusu chumvi. Robo kikombe ni zaidi ya gramu 60, na chumvi nyingi ikiingia tumboni mwa mtoto mdogo kwa mkupuo ni sumu. Mbwa pia huhatarika, na mbwa hupenda kuiba unga huu. Kwa mtoto mlaji, acha chumvi kabisa, weka unga kwenye friji na uutupe baada ya siku 3.

Hatua za mchezo wenyewe

1. Chagua saa. Awe ameshiba na ameamka vizuri. Mwenye njaa atakula kila kitu. Mwenye usingizi atalia kabla hujakaa.
2. Pima ngozi. Paka mchanganyiko kidogo ndani ya mkono wake, subiri dakika 15. Ukiona wekundu au vipele, acha. Mwenye pumu ya ngozi au vidonda mkononi asipewe chumvi wala limau. Mwenye mzio wa ngano, maziwa, mayai, soya, ufuta au karanga asiguse kabisa kitu chenye kiambato hicho. Hata kucheza nacho bila kukila kunaweza kumdhuru.
3. Tandaza turubai karibu na mahali pa kunawia. Umbali wa kutoka beseni hadi bafuni ndio utakaoamua ukubwa wa kazi ya usafi. Kama unaweza kuweka beseni ndani ya bafu kavu lisilo na maji, usitafute mahali pengine.
4. Weka kidogo. Theluthi moja ya ulichotengeneza iende kwenye beseni, iliyobaki ikae juu. Hii ndiyo akiba ya kufufua mchezo hamu ikipungua.
5. Kaa chini naye, gusa wewe kwanza. Ingiza mkono polepole, sema unachohisi kwa maneno mafupi: "baridi", "inateleza", "inanata". Usiushike mkono wake na kuuzamisha. Mtoto aliyezamishwa mkono kwa nguvu hata mara moja tu huenda akakumbuka kwa muda mrefu.
6. Kisha nyamaza. Mwache aongoze. Hakuna namna sahihi ya kucheza na rojo, na mtoto anayemimina kikombe kile kile mara ishirini anafanya kazi kubwa kuliko inavyoonekana.
7. Ongeza kifaa cha pili akianza kuchoka. Kimoja kwa wakati.
8. Maliza mapema. Dakika 10 hadi 20 ni muda mwema. Akianza kurusha vitu nje ya beseni baada ya kuonywa mara mbili, mchezo umekwisha. Mwambie kabla: "Mimina mara moja tena, halafu tunanawa."
9. Futa kabla ya kumbeba. Taulo yenye unyevu kwanza: mikono, nyayo, kisha magoti. Nyayo ndizo zinazosahaulika na ndizo zinazotembea nyumba nzima.

Usiondoke hata kwa sekunde za kufungua mlango. Ukilazimika kwenda, nenda naye akiwa mchafu hivyo hivyo. Maji ya sentimita chache kwenye beseni yanatosha kumzamisha mtoto mdogo, na huzama kimya. Mchezo wa maji ukiisha, mwaga papo hapo na upindue beseni na ndoo.

Akipaliwa lakini anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Asipoweza kukohoa, kulia wala kupumua, ita msaada kwa sauti. Kwa aliyetimiza mwaka, mwinamishe mbele na umpige kwa kiganja kati ya mabega hadi mara 5. Kikigoma, simama nyuma yake na umbane tumbo juu ya kitovu kwa kuvuta ndani na juu hadi mara 5, kisha urudie kwa zamu. Usichokonoe koo kwa kidole kutafuta kitu usichokiona, maana unaweza kukisukuma ndani zaidi.

Vitu vya kuacha kabisa

Shanga za maji zile zinazovimba. Zikimezwa huendelea kuvimba tumboni na zinaweza kuziba utumbo, na punje moja iliyobingirika chini ya kochi hungoja hapo kwa miezi. Hakuna njia salama ya kuzitumia na mtoto wa umri huu.

Boraksi, kemikali ya kufulia inayotumika katika mapishi mengi ya ute wa kuvutika (slime). Povu la kunyolea, hata kama picha zake zinavutia. Pambo la kumetameta, ambalo huingia machoni. Maharage mekundu mabichi, ambayo mbali na kusakama na kuingizwa puani, yana sumu yakiliwa bila kuchemshwa vizuri. Na kama kuna mdogo wake asiyetimiza miezi 12 chumba hicho hicho, asali isitumike, kwani inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu, ugonjwa wa sumu unaolegeza misuli, ambavyo utumbo wa mtoto mchanga hauwezi kuvizuia.

Mambo yakienda kombo

*Hataki kugusa.* Hili ndilo la kawaida kuliko yote, na si ukaidi. Mtilie rangi ya wanga vijiko vinne kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu, toa hewa, funga, ziba mdomo wa mfuko kwa utepe mpana wa gundi, kisha ubandike mfuko pande zote juu ya meza. Atabonyeza na kuchora kwa kidole bila kulowa. Ukae naye, maana mfuko ukipasuka au kubanduka lazima uuondoe. Siku nyingine mpe brashi au kijiko, baadaye kitu kikavu kama mchanga wa nafaka, na cha kunata kije mwisho. Taulo iwe mbele ya macho yake muda wote. Mtoto anayejua anaweza kujifuta wakati wowote huthubutu zaidi. Kama anakataa pia nguo, chakula na maji ya kuoga kwa namna inayovuruga siku nzima, mweleze daktari wake wa watoto.

*Rojo limekuwa maji.* Nyunyiza wanga kijiko kimoja, subiri dakika moja, jaribu tena. Kama umetumia unga wa ngano, hakuna marekebisho: huo hutengeneza gundi, na lazima uanze upya.

*Rojo linapasuka na kuwa poda.* Linakauka. Kijiko cha chai cha maji kwa wakati mmoja, usimwage kikombe.

*Rangi ya wanga ina madonge.* Maji yalikuwa ya moto wanga ulipoingia, au uliacha kukoroga. Ipitishe kwenye chujio ikiwa bado ya uvuguvugu.

*Unga wa kufinyanga unanata.* Haujaiva. Rudisha motoni. Usiongeze unga mkavu, maana huo ni mbichi na umepoteza faida yote ya kupika.

*Mikono imebaki na rangi.* Mafuta kidogo ya kupikia, sugua, kisha sabuni. Mara nyingine mpake mafuta kabla ya kuanza.

*Anakula zaidi ya anavyocheza.* Mpe vitafunio dakika 20 kabla, na urudi kwenye mchanga wa nafaka. Usigeuze kila mlambo kuwa kelele. Sema "hiki ni cha mikono" na umpe kijiko ashike.

Kusafisha na kutupa

Wanga haumwagwi kwenye sinki wala chooni. Hutuama kwenye kona ya bomba na kushikana huko. Acha beseni hadi kesho mahali mtoto hafiki, wanga utakauka na kupasuka kama tope la kiangazi. Uukwangue uende kwenye pipa la taka. Uliodondoka kwenye zulia uachwe ukauke, kisha piga brashi na ufyonze au ufagie.

Nguo yenye wanga ioshwe kwa maji baridi kwanza. Ikipata maji ya nyuzi 60 na zaidi, wanga hupikika ndani ya kitambaa, na hapo umejitengenezea gundi.

Vitu vya chakula vilivyopikwa na kuchezewa, kama vile rangi ya wanga, vitupwe vikishakaa nje kwa muda wa saa 2. Ambavyo havijaguswa vinaweza kukaa friji siku 3 hadi 5. Mtoto akiwa na mafua, kuhara au vipele vinavyoambukiza, kila alichogusa kitupwe siku hiyo hiyo, hata unga wa kufinyanga uliopikwa jana.